Mpiga Ngoma wa Hamukungu

Kahambu Marlène hakujua kukaa. Majirani zake wa Bwera walisema kiti chake hakijawahi kupata joto: ukigeuka kidogo kuchota maji, ukirudi unamkuta amesimama, anafagia ua alioufagia asubuhi. Siku za soko aliuza mawese na vitenge pale Mpondwe, na hata huko aliuza huku akitembea. Alikuwa hivyo tangu walipokimbia vita kwao Beni, upande wa Kongo, yeye, binti yake Aimée na mumewe Katembo. Katembo alikaa nao Bwera kwa muda, kisha akavuka tena mpaka kwenda kutazama shamba lake la kahawa karibu na Butembo. Aliaga kama mtu anayekwenda dukani. Mvua zikapita, zikaja nyingine.

Aliyempeleka ziwani ni Rusi, muuguzi wa Kisinga na mteja wake wa vitenge. "Mama Aimée," alimwambia siku moja, "miguu yako inawasha. Njoo Hamukungu Jumamosi, upige kafi mpaka uchoke."

Mashua ya klabu ya mashindano pale Hamukungu ilikuwa kioja: ndefu na nyembamba, watu huketi wawili wawili, mpiga ngoma mbele, mshika usukani nyuma. Klabu moja ya Entebbe ilipata mpya, ikawaachia hii kuukuu pamoja na kichwa cha joka cha kuchomeka mbele, chenye pembe na meno mekundu. Wavuvi wa Hamukungu walipokiona walikataa. "Tuna viboko tayari," alisema Eridadi, mkubwa wa wavuvi. "Huyu mwingine tutamlisha nini?" Kichwa kikatiwa guniani, ikabaki mashua tupu, nayo ikaitwa Joka hivyo hivyo.

Klabu ilikuwa ya watu wa hiari. Zedekia, mwalimu wa michezo mjini Kasese, ndiye aliyeianzisha, akawakusanya wakulima wa Muhokya, wauza samaki, walimu wenzake, na Bright, kijana wa boda boda mwenye mabega mapana. Kahambu hakuwa na mabega. Lakini kwao Beni alikuwa akipiga ngoma kwenye kwaya ya parokia, na Zedekia alipomsikia akigonga ubavu wa mashua kwa vidole, akamkalisha mbele.

Mpiga ngoma haoni mashua inakokwenda. Anayapa maji mgongo, anatazama nyuso. Kahambu alizisoma nyuso hizo mpaka akazijua: huyu amekuja bila kula, huyu amegombana nyumbani, yule anagusa maji tu ili asionekane mvivu. Ngoma ilipolia hakufikiria Beni. Ngoma iliponyamaza, mawazo yalirudi.

Kisha Zedekia akahamishiwa Mbarara. Watu wakakutana kwenye kibanda cha samaki kumchagua kiongozi mpya, na kila mtu akayaangalia magoti yake. Kimya kile Kahambu hakukiweza.

"Basi, mimi nitafanya," alisema.

Sauti ikatoka nyuma: "Mukongomani ndiye ataongoza sisi?"

Kiiza, mshika usukani, mtu wa maneno machache, akageuka. "Wewe unataka? Simama tukuone."

Mwenye sauti hakusimama. Basi ikawa Kahambu.

Akaanza kazi kama anayezima moto. Alitafuta turubai la kuifunika Joka, akamleta fundi wa kuziba ufa ubavuni, akampigia simu kila mtu kabla jogoo hajamaliza, na asiyefika alimfuata mpaka nyumbani. Mazoezini aliongeza mwendo, akaongeza tena, mpaka mikono ya watu ikatetemeka. Wakambandika jina la Afande. Mwanzoni walilisema wakicheka. Baadaye walilisema bila kucheka.

Jumamosi moja Bright aliweka kafi juu ya mapaja, ngoma ikiwa bado inalia. "Afande, mimi naacha abiria barabarani, nakuja hapa kwa roho yangu. Sisi si jeshi. Kama ni jeshi, sema, mimi nirudi kwa pikipiki yangu."

"Kuko mashindano Katwe," alijibu Kahambu. "Unafikiri bale ba Katwe beko banalala?"

"Walale wasilale, mimi nimechoka na wewe."

Wiki iliyofuata Bright hakuja, na wawili wengine hawakuja. Walipokuwa wakiivuta Joka nchi kavu, Kiiza alisimama kando yake. "Ngoma yako inakimbia mbele ya makafi," alisema. "Watu hawaifikii. Unakimbia nini, mama?"

Kahambu akashika turubai. Angemwambia nini? Kwamba simu ya Katembo ilikuwa imezimwa tangu mwezi uliopita? Kwamba wafanyabiashara waliotoka Butembo walikuwa wakisema vijiji fulani vimechomwa, kila mmoja akitaja vyake? Alifunga turubai, akalifungua, akalifunga upya.

Habari ikamfikia mkesha wa mashindano, sokoni, kwa mdomo wa muuza maharage: Hilaire, mdogo wake Katembo, atavuka Mpondwe kesho. Ana neno la kumpa shemeji yake, na neno lenyewe hataki kulituma kwa mtu.

Neno lisilotumwa kwa mtu, kwao, mara nyingi lilikuwa neno moja tu. Kahambu akamwachia jirani mawese yake, akapanda boda mpaka Kisinga, akamwita Rusi langoni mwa hospitali.

"Kesho utapiga wewe," alisema, akimkabidhi vijiti vya ngoma.

"Mimi? Sijawahi hata kupiga meza!"

"Habari ya Katembo inavuka kesho. Mimi ningekuja. Lakini nikikuja, nitakuwa ngozi tupu juu ya mashua, roho itabakia mpakani."

Rusi akamtazama, akavipokea vile vijiti.

Kesho yake asubuhi Kahambu aliuzunguka uwanja wa Mpondwe mpaka askari wa zamu akamwambia, "Wee mama, kaa chini, unanizungusha kichwa." Alikaa. Akasimama. Jua lilikuwa utosini alipomwona Hilaire akitoka darajani na mfuko wa kahawa begani, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shemeji," alisema Hilaire, na kabla hajaendelea Kahambu alimshika mkono.

"Semea palepale. Iko muzima?"

"Iko muzima. Simu yake tu ndiyo walimunyanganya ku barabara. Ye mwenyewe haiko na kidonda."

Kahambu alicheka, kisha akaona anafuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Sasa hiyo neno ya kuficha ni ya nini?"

Hilaire akahamisha mfuko kwenye bega la pili. "Kahawa imeiva. Amekatala kuiacha. Anasema urudi na Aimée." Akameza mate. "Tena batu balimwambia habari ya mashua. Anasema, muke wa mutu hapaswe kupiga ngoma mbele ya banaume ba bengine."

Furaha na hasira zilimjia pamoja, asijue aanze na ipi. Alitembea mpaka kwenye ukingo wa mto, akarudi.

"Umwambie Aimée anasoma hapa, na hapa haamke usiku akilia. Umwambie kahawa yake ni yake, sikatazi. Na hiyo ngoma, akuje aione na macho yake, ndipo aseme."

"Nitamwambia, shemeji. Sasa twende tukule, nimetoka mbali."

Alimpeleka Hilaire kwa mama mpishi, akaagiza ugali na sombe ya majani ya muhogo, akaketi mbele yake. Tonge la kwanza halikufika mdomoni. "Nisamehe, shemeji. Aimée atakuja kukuchukua." Na hapo hapo akaita boda.

Wakapita Kisinga, wakakunja Kikorongo kuelekea Katwe, na huko mbugani tembo walikuwa wameishika barabara, mama na watoto, wakivuka bila haraka. Kahambu alishuka, akaanza kutembea huku na huku. "Mama, rudi nyuma ya pikipiki," alinong'ona dereva. "Tembo haijui kama umechelewa."

Alipofika ziwani, mashindano yalikuwa yamekwisha. Watu wake walikuwa kwenye nyasi wakila samaki, na Rusi amefunga viganja kwa kitambaa. Bright alikuwapo. Alikuja peke yake, bila kuitwa na mtu.

"Tumekuwa wa tatu," alisema Bright, akilamba kidole. "Rusi anapiga pole pole. Leo nilisikia maji."

Maneno yale yalimchoma, na Bright aliona kwamba yamemchoma. Akaongeza kwa sauti ya chini, "Mume wako?"

"Iko muzima. Lakini hakuje huku."

Waliosikia walipiga makofi, Kiiza akavua kofia. Rusi akasogea ampishe kwenye kanga. Kahambu alishukuru, lakini akateremka mpaka kwenye Joka, akachukua kipande cha jerikeni, akaanza kukumba maji yaliyobaki ndani. Baada ya kitambo Bright alikuja na kipande kingine. Wakachota pamoja mpaka mashua ikakauka.

Kwenye mkutano uliofuata Kahambu aliomba Rusi naye apige ngoma, na Kiiza ndiye awe anasema watu wapumzike lini. Uongozi hakuuacha, wala hakuna aliyemwambia auache. Wale wawili waliokuwa wamekimbia, mmoja alirudi.

Kiangazi kilipoingia, Katembo alivuka. Alisimama ufukoni Hamukungu, mikono nyuma, akamtazama mkewe akiondoka kinyumenyume juu ya maji, ngoma mapajani, wanaume na wanawake wakiinama na kuinuka mbele yake. Waliporudi alibisha ubavu wa Joka kwa vidole.

"Hii plastiki haipasuke na jua?" aliuliza.

"Inapasuka. Ndiyo maana tunaifunika."

Juu ya ngoma hakusema neno, si zuri wala baya. Akakaa nao Bwera mpaka mawingu ya kwanza, kisha kahawa ikamwita. Kahambu alimsindikiza mpaka darajani, wakakubaliana atakuja tena baada ya mavuno, na wote wawili walijua makubaliano ya mpakani yalivyo.

Jumamosi ya pili yake upepo ulishuka kutoka milimani, ziwa likachafuka. Eridadi akatikisa kichwa kuwakataza. Watu wote walikuwa wamefika, makafi mkononi, wakimngoja Kahambu aseme. Zamani angebishana na upepo. Alitazama maji, akatazama nyuso.

"Murudi nyumbani," aliwaambia. "Leo hapana."

Wakatawanyika. Yeye alibaki akitembea ufukoni, kutoka nyavu hadi nyavu, mpaka upepo ukakata.