Saa Sita za Kwenye Tiketi

Wateja walimwita Mama Mawingu, ingawa ndege yenyewe hakuwahi kuipanda. Alikata tiketi katika ofisi yenye dirisha moja na feni iliyolalamika kuliko wateja, na ukimtajia miji miwili yoyote alikupa umbali wake bila kugusa kompyuta. Jambo moja hakuchoka kulirudia: saa ya kuondoka ni ya mji unaotoka, saa ya kufika ni ya mji unaokwenda. "Ukihesabu kwa vidole hapo, umejidanganya mwenyewe."

Kila mteja aliambiwa. Mama yake mzazi hakuambiwa.

Mdogo wake Mama Mawingu, kitindamimba wa nyumba ile, alipopata kazi ng'ambo, mama alishikilia sharti moja: akiitwa asubuhi, jioni awe amefika. Binti yake, mkata tiketi, akamwekea tiketi ya kijana mezani. Mama akavaa miwani, akasoma: kuondoka saa mbili asubuhi, kufika saa nane mchana. Akakunja vidole.

"Saa sita tu? Kumbe ni hapa na hapo."

Zilikuwa saa kumi na nne, kilomita elfu kumi na mbili na ushee. Binti akaikunja tiketi bila kumsahihisha. Kijana alikuwa chumbani anafunga begi huku akiimba.

Baba alifariki alfajiri moja, na kijana akapigiwa simu papo hapo. Mama aliitazama saa ya ukutani mpaka jua likapinduka, halafu akawaambia waombolezaji, "Saa sita zimepita zamani. Mzikeni mume wangu." Binti alijua mdogo wake yuko angani. Neno lake moja lingesimamisha mazishi, lakini aliogopa macho ya mama, hakulisema. Kijana alifika kesho yake, akakuta udongo mbichi. Tangu hapo mama hakupokea simu yake.

Mwaka ukakatika. Kila tiketi aliyoikata binti ilimsuta, na kila mteja aliyemshukuru alimwongezea aibu.

Saa nne ya asubuhi moja alikuwa kwa mama, wanakunja nguo. Simu ya mama ikaita, jina la kijana likaonekana. Mama akaigeuza kifudifudi.

"Mama, si saa sita," binti akasema. "Ni kumi na nne. Nilijua tangu siku ile ya tiketi. Hata siku ya msiba nilijua. Alipanda ndege ya kwanza."

Mama alikunja shuka moja mpaka mwisho, akailaza juu ya nyingine.

"Na hizi simu za asubuhi?"

"Kwake sasa hivi ni saa nane usiku. Anakesha ili akupate ukiwa umeamka."

Simu ilikuwa imeshanyamaza. Mama akaichukua, akabonyeza hapa na pale. Mwaka mzima alizoea kuikata tu. Mwishowe akamnyooshea binti simu bila kumtazama.

"Nipigie," akasema. "Halafu utoke nje."