Mama Nona Hakuzaliwa

Kuna sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa zaidi ya miaka hamsini. Ilinirudia mwezi uliopita nikiwa nimekaa kibarazani, nachambua mchele: sauti ya bati likigonga nguzo ya chuma. Kwa, kwa, kwa. Upepo ukisita, kimya. Upepo ukirudi, kwa, kwa, kwa. Kwa muda mfupi nilikuwa tena mtoto wa darasa la tatu mwenye magoti ya vumbi jekundu, na vidole vyangu vilinata utomvu wa majani ya viazi vitamu.

Niliposimama kuchungulia, niliona kwamba bati lile halikuwa la zamani. Vijana wanne walikuwa wamepigilia vigingi vya chuma katika uwanja wetu tangu asubuhi, na kwenye kigingi cha kwanza walikuwa wamefunga tangazo jipya, likicheza na upepo. Liliandikwa kwa rangi nyekundu: «Mali ya warithi wa marehemu Nona Edith. Viwanja vinauzwa.»

Nilivaa viatu vyangu vya kutokea. Nimefanya kazi katika ofisi ya mipango ya mji tangu ujana wangu hadi siku ya kustaafu, na hati ya uongo naitambua kabla haijafunguliwa. Hata hivyo, hasira iliyonipanda siku ile haikuwa ya ofisini. Jina lile nililitunga mimi. Nilikuwa na umri wa miaka tisa.

Kwa msomaji asiyejua mtaa wetu wa Likasi, huku Kongo, ni wajibu wangu kueleza mambo kwa mpangilio. Uwanja wetu ni mrefu na mwembamba, umelala kati ya safu mbili za nyumba za matofali zilizojengewa wafanyakazi wa migodi. Upande wa mashariki unapakana na njia tuliyoiita ya Samaki, kwa sababu ndiyo waliyopita wanawake waliotoka ziwa la Tshangalele na vikapu vya samaki wakavu, na harufu ilibaki pale hata wao wakiisha kufika sokoni. Upande wa magharibi ni njia ya Masista, palipokuwa na shule yetu. Chini, karibu na mfereji, mama zetu walilima matembele na mihogo; katikati ulichezwa mpira; juu, penye majani, vikundi vya sala vilikutana kila Jumapili alasiri. Na angani, kutoka mwanzo hadi mwisho, zilipita waya nene za umeme wa bwawa la Mwadingusha, zikivuma mchana kutwa. Hakuna mtu aliyetueleza kwa nini nyumba zilikoma ghafla pande zote mbili. Sisi watoto tuliamini kwamba mafundi walichoka.

Katikati ya uwanja palikuwa na nguzo yenye bati la maandishi. Mstari wa kwanza ulikuwa umeliwa na kutu. Mstari wa pili ulikuwa umekatika, kipande cha mwisho kimeanguka majanini. Kilichobaki kilikuwa herufi saba nyeusi, zimebanana kama watu kwenye benchi la kanisa: NON AEDI.

Kiangazi kimoja ulienea uvumi kwamba watu wa vipimo wangekuja. Mama Ngoie, jirani yetu wa mlango wa pili, aliona si busara kupanda tena bila kujua bati linasema nini. Mama Ngoie alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, naye hakuipenda shule. Alisema mbele ya kila mtu kwamba masomo ya watoto wa kike yanapoteza sabuni tu, maana kila jioni ni kufua sare. Siku ile aliniita kwa jina langu zima, na wanawake kumi na wawili wenye majembe wakanizunguka.

«Odile, weye uko ku masomo. Soma, tusikie kama sabuni ya mama yako iliingia mu kichwa.»

Wakacheka. Mama yangu hakucheka. Alisimama nyuma, ameshika jembe kwa mikono miwili.

Nilisoma kimoyomoyo. «Non», hapana kwa Kifaransa, nililijua, lilikuwa neno la kila siku la Sista. Lakini hilo lililofuata halikuwamo katika kitabu chetu chochote. Leo ningesema kwa utulivu kwamba silifahamu. Mtoto wa miaka tisa aliyezungukwa na majembe kumi na mawili hana utulivu huo.

«Inasema Nona Edi,» nikatamka.

«Njo nini ile?»

«Ni jina.»

«Jina ya nani?»

«Ya mwenye uwanja.»

Mama Ngoie alikunja uso. «Mwanaume ao mwanamuke?»

«Mwanamuke.»

«Muzungu ao muntu mweusi?»

«Hiyo haikuandikwa,» nilijibu, na naona haya kukiri kwamba nililijibu swali hilo kwa ukali wa mtu aliyeaminika.

Waya zilivuma juu yetu. Kisha mama yangu akasogea mbele, akanitazama miguuni, akalitazama bati, akasema: «Basi, tumuombe ruhusa.» Alikata kifungu cha matembele mabichi, akakiweka chini ya nguzo. Wengine wakafuata mmoja mmoja, Mama Ngoie akiwa wa mwisho, akinung'unika kwamba hata jina lenyewe halijui, lakini kifungu chake ndicho kilikuwa kikubwa.

Hivyo ndivyo uwanja ulivyoanza kuitwa Kwa Nona. Siku mbili baadaye bati lenyewe lilitoweka, ikabaki nguzo tupu, nasi watoto tukasema Nona amelichukua. Kabla ya mpira tulipiga kelele: «Mama Nona, tunaingia!» Mvumo wa waya ulikuwa mkoromo wake, ukizidi wakati wa mvua, tulisema bibi amelala chali. Wanawake wawili waliogombania mpaka wa matuta walipelekwa mbele ya nguzo, kila mmoja aseme mbele ya Nona, na kwa kawaida mmoja alikumbuka ghafla mpaka ulipokuwa. Mchungaji mmoja alikuja na waumini wake akaikemea roho ya Nona kwa siku tatu, kisha akaomba kwa adabu sehemu ya juu kwa ajili ya ibada zake. Padri wetu, alipoombwa misa ya marehemu Nona, aliuliza tu alibatizwa parokia gani. Mimi nilikaa kimya. Ukimya wangu ulianza kwa woga; baadaye, naandika hili bila kujitetea, uligeuka kuwa majivuno.

Miaka kumi na mitano baadaye niliajiriwa katika ofisi ya mipango. Katika juma la kwanza nilipewa ramani nizikunjue na kuzipanga, na kwenye ramani ya mtaa wetu, juu ya ukanda mrefu mwembamba, niliona maneno: ZONE NON AEDIFICANDI. Mkuu wangu alinieleza kwamba ni Kilatini cha watu wa sheria, maana yake eneo lisiloruhusiwa kujengwa. Pale ilikuwa kwa sababu ya waya. Anayejenga chini yake analaza watoto wake chini ya mauti. Nilimshukuru, nikaenda kujifungia chooni, nikacheka mpaka machozi. Kisha nikarudi mezani, na sikumwambia mtu. Nilisahihisha ramani za mji mzima kwa miaka yote ya utumishi wangu, nikaliacha kosa moja, kwa sababu nililipenda.

Baadaye mitambo ilichoka na waya zikanyamaza kwa miaka mingi. Watoto walikua bila kusikia mkoromo wowote. Sasa zinavuma tena, lakini watu wamesahau zinasema nini. Katika usahaulifu huo ndimo alimoingia mwenye tangazo lile, bwana mmoja wa suti ya kijivu, akijiita mjukuu, na hati yake ya Nona Edith, Edi wangu akiwa ameongezewa herufi mbili.

Nilikwenda komini, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, siku ileile ya vigingi. Afisa aliyenipokea alikuwa mwenye heshima, lakini mikono yake ilikuwa mitupu. Ramani haikuonekana, sehemu ya makaratasi ya zamani iliharibiwa na mchwa. «Tena, mama,» aliniambia, «wazee wote wa mtaa wako wanasema Nona alikuwako. Mama zao walikuwa wanamuachia matembele.» Wazee hawakudanganya. Walishuhudia kwa uaminifu kabisa kitu ambacho nilikuwa nimewafundisha.

Nilirudi kwa Mama Ngoie, ambaye sasa ni mkongwe, macho yamefifia, sauti bado ni ileile. Niliketi kwenye mkeka wake, nikaungama yote, tangu herufi saba hadi choo cha ofisini. Alinisikiliza akitafuna muhogo mbichi. Nilipomaliza, alicheka hadi akakohoa.

«Kumbe weye unafikiri hatukujua! Mama yako aliokota kile kipande kesho yake, mu majani. Akabeba na bati akaonyesha mwalimu ya njia ya Samaki. Mwalimu akamusomea yote.»

«Mama alijua?»

«Alijua. Na minye aliniambia. Nikasema, tumupige huyu mutoto ya bongo, alitudanganya. Akakatala. Akasema: Serikali iko mbali, Nona iko hapa. Watu bakijua ni ya serikali, kila mutu atajenga. Bakijua ni ya Mama Nona, bataogopa.»

Alinigusa goti. «Tena akasema: mutoto yangu alisoma mbele ya bantu, hapana kumuaibisha mbele ya bantu. Bati iko kwenu, Odile. Ulikuwa unapita mbele yake kila siku na mayai.»

Banda la kuku la mama yangu bado lipo nyuma ya nyumba ninayoishi. Mlango wake ni wa bati lililopigiliwa misumari, upande wenye rangi ukiwa ndani. Niliung'oa kwa mikono yangu, kuku wakinilalamikia. Nilipousugua kwa maji na majivu, herufi saba zilitokea. Na kipande kidogo kilichoziba ufa wa chini, ambacho kuku wa miaka hamsini walikuwa wamekichafua bila kukifuta, kilikuwa na herufi nyingine saba: FICANDI.

Siku ya kusikilizwa kwa shauri, ukumbi wa komini ulijaa. Bwana wa suti alisema bibi yake alilima pale kabla ya sisi sote kuzaliwa, na wazee wakaitikia kwa kichwa. Nilipoweka mabati yangu mezani, alicheka akawageukia watu. «Angalieni! Minye niko na document yenye kashe. Mama huyu iko na mlango ya kuku.»

Ukumbi ulicheka. Niliusubiri umalize. Kisha nikasogeza kipande kidogo hadi meno ya mkatiko yalipoingiana na meno ya kile kikubwa, nikaeleza kila kitu kwa utaratibu, pamoja na hofu yangu ya majembe na ukimya wangu wa miaka mingi. Sikuficha kwamba mimi, mtumishi wa kumbukumbu, ndimi niliyeleta uongo huo mtaani. Afisa aliinama, akasoma neno lile zima kwa sauti, na nikaona kwenye uso wake kwamba alikuwa amelikuta katika masomo yake ya sheria. Aliagiza karani aitazame tena hati ya bwana wa suti. Kashe yake, yaani muhuri, kwa mujibu wa karani, haikuwa ya ofisi yoyote anayoijua. Bwana aliomba ruhusa ya kutoka kupokea simu. Hakurudi.

Karani, dada kijana mwenye mwandiko mzuri, aliinua kalamu. «Mama, juu ya faili. Huyu Nona tuandike alikufa lini?»

«Andika: hakuzaliwa.»

Aliniangalia, kisha akaandika.

Vigingi viling'olewa juma lililofuata. Niliomba tangazo jipya liandikwe kwa Kiswahili, na maneno yake niliyaandaa mwenyewe: «Hapa hapajengwi. Waya za juu zinaua.» Asubuhi liliposimikwa nilimshika mkono Mama Ngoie hadi pale. Alitaka nimsomee, nikamsomea neno kwa neno, nikionyesha kila herufi kwa kidole ingawa haoni. Aliridhika. Kisha akatoa kwenye kitenge chake kifungu cha matembele, akainama kwa shida, akakiweka chini ya nguzo mpya. Sikumzuia.

Kwa miaka yote niliamini kwamba siku ile ya majembe nilimdanganya mama yangu. Alikuwa na kipande cha pili kesho yake tu, na angeweza kunisahihisha jioni ileile, tukila bukari, ugali wetu. Alikipigilia ndani ya banda, pamoja na kile cha kwanza, mahali ambapo hakuna atakayevisoma na hakuna atakayevitupa, akaniachia mimi kazi ya kuviunganisha.

Mkoromo ulikuwa mkubwa asubuhi ile. Mama Ngoie aliinua uso. «Unasikia? Amelala chali,» alisema. Nikamjibu kwamba ni umeme, kisha nikakata kifungu changu.