Shairi la Kusomwa Kaburini

Mpiga chapa wa stesheneri hakugusa kibodi kabla ya kupuliza vidole vyake vinene, kana kwamba vimeungua. Alichapa huku akisoma kwa kunong'ona, na kila penye pambo alisita.

"Mwalimu, huku juu mama alikuwa mwezi. Hapa amekuwa mto?"

"Hiyo ni sitiari, mzee. Wewe chapa tu."

"Haya. Na huku taa."

Mwalimu alikuwa amefundisha tamathali za usemi miaka ishirini, na kesho angemsomea mama yake shairi hilo kaburini. Kwa kila sitiari iliyopita alijipa alama moyoni, akasahau hata kulia. Beti tisa zilipokwisha, mzee alimkabidhi karatasi taratibu.

"Samahani, mwalimu. Mama mwenyewe yuko ubeti wa ngapi?"