Jiwe la Kuvuta Mguu

Daktari wa mifupa aliinua picha ya nyonga yangu dirishani, akaitazama kama fundi anayetazama nguo iliyopasuka asijue aanzie wapi kushona. Gegedu imekwisha, alisema, mfupa unasaga mfupa. Nyonga ya bandia hawakuwa nayo.

"Kwa sasa, mama, tutavuta mukulu, huu muguu, kwanza, misuli ilegee. Nyuma ya pale utafanya mazoezi."

Nilimwuliza nitalala muda gani. Wiki kadhaa, alisema. Nikamwambia hapana, nikachukua mkoba wangu.

Alidhani naogopa maumivu. Maumivu! Nilikuwa nimeishi nayo tangu miaka ile ya kubeba madumu ya maji juu ya mawe ya volkano huku Mabanga, mjini Goma. Waliosema mwenda pole hajikwai hawajawahi kutembea mtaani kwetu. Nilichoogopa ni kufungwa kitandani katika mji ambao watu hulala na viatu karibu na mlango, tayari kukimbia.

Mama yangu alikuwa na magoti mabaya. Mguu mmoja ulikanyaga, mwingine ukaburuta, nasi tulijua yuko chumba gani bila kumwona. Siku mlima ulipopasuka, majirani wakikimbia na magodoro vichwani, yeye aliketi uani akichambua maharagwe. Moto wa zamani uliishia nje ya mji, alisema, na huu utaishia huko huko. Wazee wengi walisema hivyo. Tulitafuta chukudu, yale magari yetu ya mbao ya kusukuma, tumpakie. Yote yalikuwa yamejaa mizigo ya watu.

"Peleka batoto kwanza," aliniambia. "Miye mutanikuta hapa."

Nilivuka mpaka na watoto, mdogo mgongoni. Niliporudi kumchukua, moto ulikuwa umekata barabara. Sikumkuta. Hatukupata hata cha kuzika.

Mawe yalipopoa tulijenga palepale juu, kama wengine wote. Kiwanja ni kiwanja. Nyumba yangu imesimama juu ya nyumba yake. Kisha nyonga ikaharibika, na asubuhi moja baada ya kumkatalia daktari, nikiwa peke yangu jikoni, nikasikia hatua zake sakafuni: mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaburuta. Niliposimama, nazo zikasimama. Zilikuwa zangu. Tangu siku hiyo niliogopa kutembea ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na hilo ndilo lililonirudisha kwa daktari. Nilitaka hatua zile zinyamaze.

Walinizungushia bendeji mguuni, wakafunga kamba, ikapita kwenye kapi mwisho wa kitanda, na kamba ikaning'iniza mfuko. Ndani ya mfuko mlikuwa na jiwe. Jeusi, lenye matundu. Labda hospitali za mbali zina vyuma maalumu. Sisi tuna volkano. Nilimwuliza muuguzi kama hakuna jiwe la aina nyingine.

"Mama, Goma hii? Jiwe ingine utapata wapi?" Akacheka.

Sikucheka. Kilichommeza mama yangu kilikuwa kinanivuta mguu, taratibu, mchana na usiku. La ajabu ni kwamba kilinitibu. Nyonga ilianza kulegea, na nikapata usingizi ambao nilikuwa nimeusahau. Nililichukia lile jiwe na nikalishukuru, yote mawili.

Ndipo waasi wakaja. Mabomu yalisikika upande wa Lac Vert, magharibi mwa mji, kisha karibu zaidi, mchana kweupe. Muuguzi alipita akisema mwenye anaweza kutembea aende. Vitanda vikaanza kubaki vitupu. Binti yangu, yule niliyevuka naye mpaka akiwa mgongoni, alikuwa ameniletea uji. Watoto wake walikuwa tayari njiani na baba yao. Aliweka bakuli chini, akaanza kufungua kamba.

Nilimshika mkono. Nitembee mpaka wapi na nyonga hii? Ningemchelewesha tu, na barabara ingekatika mbele yake kama ilivyokatika mbele yangu.

"Fuata batoto bako," nilimwambia. "Miye mutanikuta hapa."

Maneno yalipotoka ndipo nilipoyatambua. Naye aliyatambua, amekua akinisikia nikiyasimulia. Alinitazama kwa muda kama anayehakikisha ni mimi.

Hakulia. Aliutoa mfuko kwenye kamba, akaketi miguuni pangu na jiwe mapajani, akalikumbatia kwa mikono miwili. Nje watu walikuwa wanakimbia, nami nikamkaripia, nikamwita mjinga, nikamwamuru kwa sauti ambayo hajawahi kuipinga tangu azaliwe.

"Hapana, mama," alisema. "Ile maneno tulishaisikia. Leo batatukuta babili."