Mikono ya Kirimi

Wiki jana nilimkuta Mzee Kirimi akimwinua baba kitandani, mikono imemzunguka kifua kutoka nyuma, nikakumbuka mchana ule wao wawili walipopigana mara ya mwisho, wakiaga mieleka, uwanjani Laare. Vumbi lilinuka jasho na miraa. Kirimi alikuwa amemkaba baba hivyo hivyo, mdomo sikioni, nami nikaamini anamtukana. Nilimrushia kipande cha muwa, kikampasua juu ya jicho. Hakumwachilia. Tangu siku hiyo sikumsalimia tena.

“Niegemee, Njeru,” sasa Kirimi alimnong'oneza baba. “Sitakuacha uanguke.”

Baba akacheka kidogo. “Hata Laare uliniambia hivyo, magoti yaliponikatalia.”

Kirimi akaniona mlangoni. Kovu lilikuwa palepale. Nilitaka kumsalimia; badala yake nikaingia nikaishika miguu ya baba, tukamwinua pamoja.