Hakuna Aliyeitika

Kipupwe kilikuwa ndiyo kwanza kinaingia. Tuliondoka mjini asubuhi, mimi na shoga zangu watatu, kwenda kutembea kwenye msitu wa Masingini. Njia ya mgongoni mwa kilima ilikuwa na utelezi. Wenzangu walitangulia, wakapotelea kwenye kona. Mimi nikateleza, mguu ukateguka.

Nikawaita kwa majina, mmoja mmoja. Kimya. Nikaita mpaka sauti ikanikauka, kisha nikajikokota. Nikawakuta nyuma ya kona tu, wamesimama, wameshikana mikono.

“Hamkunisikia?”

“Tumekusikia,” akajibu yule niliyesoma naye chuo cha Kurani. “Lakini msituni ukiitwa na usiyemwona, huitiki. Kwani wewe hujui?”

Nnajua. Bibi yangu ndiye aliyenifunza kwamba shetani huita kwa sauti ya mtu wako. Wakanifunga mguu kwa mtandio, wakanishusha kwa zamu, wakinibembeleza njia nzima.

Kutoitika nimewasamehe, hata mimi nisingeitika. Lakini kona ile ilikuwa pale pale, na bibi hakumkataza mtu kuchungulia.