Saumu ya Shabani na Mechi ya Iringa

Tuliondoka Mbeya mwezi ule wa Juni kwa sababu ya mechi moja tu, vijana wetu wa shule na vijana wa shule moja ya Iringa. Mimi nilikosa usingizi kwa sababu ya Shabani. Alikuwa senta hafu wetu, mtoto wa mjini, na mwezi ulikuwa wa Ramadhani. Mwaka ule ndio aliokata shauri kutimiza saumu yote kama mtu mzima. Mama yake, Bi. Mwanaidi, mjane mwenye duka la khanga karibu na soko, hakumkataza kusafiri. Alinikalisha kwenye kiti, akaniambia kwa upole ulionitisha kuliko ukali:

"Mwalimu, nakukabidhi vitu viwili, mtoto na saumu yake. Nataka vyote virudi vizima."

Nikaitikia. Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, nimelelewa kanisani, na ujuzi wangu wa Ramadhani ulikuwa sawa na ujuzi wangu wa bahari: nilijua kwamba ipo. Mpira nao niliujifunza chuo kikuu, Kampala, nikiwa nimekaa nje ya mstari, mahali ambapo mtu huuona mchezo wote vizuri na kuamini kwamba anauweza. Siku zile hapakuwa na kubadilisha wachezaji. Mmoja wenu akianguka, mnamaliza pungufu. Kwa hiyo nilikuwa na swali ambalo vitabu vyangu havikulijibu. Nimpange Shabani, azimie kwa njaa mbele ya umati? Au nimwache nje, nimvunje moyo?

Kulipopambazuka tulikuwa juu ya lori la mfanyabiashara mmoja, tumekaa kwenye magunia ya viazi, tumejifunika mablanketi. Vijana waliimba. Mimi sikuimba. Kila lori liliporuka shimo nilimtazama Shabani, nikihesabu kwamba shimo hilo nalo limempunguzia nguvu.

Chimala, adhuhuri, dereva alisimama kupoza injini. Baridi ya milimani tulikuwa tumeiacha nyuma, na joto la Usangu lilitupiga usoni. Nilimvuta Shabani kando, nikamwambia nimesikia kwamba msafiri ameruhusiwa kula, akalipa siku nyingine.

"Najua, Mwalimu," akasema. "Ni ruhusa, si amri."

Golikipa wetu, Lazaro, Msafwa wa milimani, mtoto wa mkulima wa pareto, alitusikia. Akaniomba nimwache mwenzake. "Ukimtazama hivyo, Mwalimu, ndiyo atazimia kweli." Wenzake wakacheka. Vifurushi vyao vya viazi vitamu vilikuwa mapajani, bado vimefungwa. Niliviona. Nikadhani wanasubiri kivuli.

Tulipita Makambako na Sao Hill upepo ukikata masikio, tukaingia Iringa jua likizama. Mwenyeji wetu, Mwalimu Kihwele, alitupokea na "Kamwene" yake, salamu ya Kihehe, akawatazama vijana waliojaa vumbi, akaniuliza kama wachezaji wanakuja na lori la pili. Baada ya magharibi mjomba wake Shabani, Mzee Athumani, aliiletea timu nzima futari, na vijana wote wakaishambulia kwa namna ambayo ingemshtua kocha mwenye akili. Mimi nilifurahi tu kwamba Shabani amekula. Kisha mjomba akamchukua akalale kwake, wengine tukabaki darasani.

Asubuhi ya mechi nilikuwa mlangoni kwa Mzee Athumani kabla ya mtu yeyote kunialika. Nikamwuliza hali ya mgonjwa.

"Mgonjwa yupi?" akasema. "Mwanao kala daku wali, maharage na maziwa. Mimi na wewe tukila hivyo tutalala mpaka kesho."

Hivyo ndivyo mtu aliyesoma chuo kikuu alivyojifunza kwamba wafungao huamka kula kabla ya alfajiri. Nilirudi na Shabani shuleni, hofu imepungua nusu. Yeye akaenda kukaa na wenzake, kama kawaida yake, na muda wote hakubanduka pale. Sufuria ya uji aliyoleta mke wa Kihwele ilibaki imejaa. Nikauliza kama wamekula. Wakasema wameshiba. Mchana ugali nao ukarudi ulivyokuja, na Kihwele akaniuliza kama chakula cha Wahehe kina kasoro. Nikadhani ananitania. Nilikuwa na kazi kubwa zaidi, ya kumhamisha Shabani kila kivuli kiliposogea.

Saa kumi alasiri mpira ulianza. Nilisimama kwenye mstari na kopo la maji na taulo, macho kwa mtu mmoja. Na mtu huyo alicheza vizuri ajabu, anaukata mpira, anautuma mbele. Tatizo ni kwamba baada ya mapumziko hapakuwa na mtu wa kuupokea. Mafowadi walikuwa wanatembea. Beki wetu wa kushoto alishika magoti kama mzee anayepanda mlima. Iringa wakatia goli, kisha la pili. Halafu mpira wa juu ukaja, Lazaro akaruka, akaudaka, akashuka nao chini. Hakuinuka.

Nikakimbilia uwanjani. Nilikimbilia kwa Shabani.

"Si mimi, Mwalimu," akasema. "Ni Lazaro."

Kihwele alileta maji ya sukari. Lazaro alipofumbua macho nikamwuliza anaumwa nini. Haumwi. Tangu futari ya jana hajatia kitu mdomoni, na wenzake vilevile.

"Tungekulaje, Mwalimu, na Shabani anatutazama?"

Shabani alisikia. "Nani kawaomba?" akawauliza. Akavua fulana ya golikipa mgongoni mwa Lazaro, akaivaa, akaenda kusimama langoni mpaka mwisho. Tulishindwa mawili kwa bila.

Magharibi tulikula sote kwa Mzee Athumani. Lazaro akauliza kama Mkristo aliyeshinda na njaa hupata thawabu. Mzee akasema hilo wamwulize mwalimu wao, maana ndiye aliyewasimamia.

Kesho yake, wakati wa kurudi, Chimala, Shabani alishuka wa kwanza. Alifungua mwenyewe vifurushi vya viazi tulivyofungiwa Iringa, akawagawia wenzake, akasimama mbele yao mikono kiunoni.

"Kuleni. Mimi nawaangalia." Kisha akanigeukia. "Na wewe, Mwalimu."

Ndipo nilipokumbuka kwamba hata mimi sikuwa nimekula tangu jana, kwa hofu tu. Nikala nimesimama, kiazi chote, mbele ya macho yake.

Mbeya, Bi. Mwanaidi alimkagua mwanawe kichwa hadi miguu. Akaniuliza kuhusu saumu, nikamwambia ni nzima. "Na mtoto mzima," akasema. "Wewe ndiye sijui umekuwaje, Mwalimu. Umekonda."

Nimefundisha vijana wengi tangu hapo. Siwaulizi tena kama wameshiba; nakaa nao, nakula nao. Na ikiwa ni Ramadhani, chungu cha chakula namkabidhi yule anayefunga, awagawie wenzake. Mbele yake hakuna anayethubutu kubakiza.